Sura ya Sita: Nyumba Bila Ardhi

Mteja mpya, kabla hajauliza bei, huuliza kazi zilizopita. Swali lake ni la haki, maana mtu anayekabidhi arbuni yake kwa fundi asiye na ofisi, asiye na bango mlangoni wala karani wa kupokea simu, hana dhamana nyingine ila yale ambayo fundi huyo amekwisha kuyatenda mbele ya watu. Walakini swali hili, ambalo katika kazi nyingine huwa jepesi kadiri umri wa fundi unavyozidi, kwa msanifu wa tovuti ajitegemeaye huzidi kuwa zito mwaka hata mwaka. Kijana aliyeanza juzi aweza kuonyesha kila alichokitengeneza. Mimi, ambaye nimeishi kwa kazi hii tangu siku za modemu iliyokuwa ikilia kama imebanwa mlangoni, nikiombwa kuonyesha nusu ya niliyoyafanya sina pa kumpeleka mtu.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2024 taasisi ya Marekani iitwayo Pew Research Center ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake kwamba, katika kurasa za intaneti zilizokuwako mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazifikiki tena ulipotimia muongo mmoja. Kurasa za makampuni makubwa na za serikali zimo katika hesabu hiyo; sasa mtu na akadirie zile za wenye maduka, wenye hoteli ndogo, vyama vya ushirika na waganga wa meno, ambao ndio riziki ya mafundi kama sisi.

Aghalabu watu walio nje ya kazi hii hudhani kwamba tovuti hufa kwa uzee, yaani kwamba msimbo wake huchakaa hata ukashindwa kusomeka. Mimi sisadiki hivyo. Nimezika kazi nyingi, na kila nilipochunguza sababu nimekuta kwamba msimbo wenyewe ulikuwa buheri wa afya, na kwamba kilichoiondoa tovuti duniani ni ama kitu ilichoazima kwa mtu mwingine, ama funguo zilizokuwa mikononi mwa mtu asiyestahili kuzishika. Naomba ruhusa nipite juu ya kazi chache, si kwa kujisifu, maana nyingine ni za kuchekesha, bali kwa sababu mwanafunzi wa ufundi huu hufunzwa namna ya kujenga tu, wala hafunzwi hata kidogo namna ambavyo vitu alivyovijenga hutoweka.

Ya kwanza ninayoikumbuka kwa furaha ni ya wakala mmoja wa meli na forodha aliyekuwa na ofisi karibu na bandari ya Dar es Salaam. Zilikuwa siku ambazo mawasiliano yetu yote ya intaneti na ulimwengu yalipanda angani hadi kwenye setilaiti na kuteremka tena, kabla mkongo wa mawasiliano wa SEACOM haujafunguliwa baharini mwezi Julai 2009. Na katika chumba cha intaneti cha mjini modemu iliyoandikwa kilobiti 56 kwa sekunde haikuweza, hata siku ya neema, kuteremsha zaidi ya kilobaiti 7 kwa sekunde moja. Kwa hesabu hiyo picha ya kilobaiti 70 ilimgharimu msomaji sekunde 10 za kukaa na kungoja, naye alikuwa akilipia dakika. Bwana wakala hakutaka kusikia hesabu hizo. Alitaka meli: meli kubwa, nyekundu chini na nyeusi juu, ikate ukurasa mzima kutoka kushoto hadi kulia, na majina ya huduma zake yakae ndani ya ubavu wa meli hiyo mithili ya madirisha.

Namna ya kuyatenda hayo zama hizo yafaa ielezwe kwa utulivu, kwa kuwa mafundi wa leo hawaiamini. Lugha ya HTML, ambayo Tim Berners-Lee aliibuni katika kituo cha CERN mjini Geneva, na ambayo kituo hicho kiliiachia dunia bure pamoja na mtandao wote tarehe 30 Aprili 1993, ilikusudiwa iandike hati za wanazuoni: kichwa cha habari, aya, orodha, kiungo. Haikuwa na njia ya kusema kitu hiki kikae hapa na kile kikae pale. Ilipopata majedwali, yaliyowekwa kwa ajili ya takwimu, wasanifu waliyateka kama maharamia. Mtu alichora ukurasa wake wote katika Photoshop kama picha moja. Akaukata kwa kisu cha programu hiyo vipande ishirini au thelathini. Akaandika jedwali lisilo na mipaka wala nafasi baina ya seli zake. Kisha akaingiza kila kipande katika seli yake, hata picha ikaungana tena machoni mwa mtazamaji kana kwamba haikupata kukatwa. Palipohitajika uwazi aliweka picha ya pikseli moja isiyo na rangi, akaivuta iwe ndefu au pana kadiri alivyopenda. Hila hiyo ilienezwa sana na kitabu cha David Siegel cha mwaka 1996, na sisi tuliipokea ikiwa imekwisha kuwa sheria.

Hatari ya ufundi huo ilikuwa katika jambo dogo mno. Kama baina ya tagi ya picha na tagi ya kufungia seli uliacha nafasi moja tupu, au ulibonyeza kitufe cha kushuka mstari ili msimbo wako upendeze, vivinjari vingine, hasa Internet Explorer, viliihesabu nafasi hiyo kuwa herufi, vikaipa kimo cha herufi, na chini ya kipande cha picha ukatokea mwanya mweupe. Meli ya Bwana wakala ilipasuka ubavuni mara nyingi kwa sababu hiyo. Dawa ilikuwa kuandika seli nzima katika mstari mmoja usiokatika, mrefu kama waya wa simu, wala fundi mwingine aliyekuja nyuma yako asingeweza kuusoma bila kukulaani.

Watu wa elimu walikwisha kutuonya. Håkon Wium Lie alikuwa amependekeza laha za mitindo tangu mwaka 1994, na toleo la kwanza la laha hizo, yaani CSS, liliidhinishwa Desemba 1996. Lakini idhini ni neno moja, na kivinjari kinachotii ni neno jingine, hivyo miaka kadha ilipita kabla fundi wa Dar es Salaam hajaweza kuyaacha majedwali bila kuhofia kwamba mteja wake atafungua ukurasa na kukuta meli imelala chali. Nayasema haya nisionekane kwamba nayadharau majedwali. Ukurasa ule wa meli, nikiufungua leo katika kivinjari kipya kabisa kutoka kwenye nakala iliyobaki katika diski yangu, huonekana vilevile ulivyoonekana siku ile, ila ni mdogo kama stempu katikati ya skrini pana. Wenye shaka na watazame tovuti iliyotengenezwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya filamu ya Space Jam: wenyewe waliihifadhi, nayo hufunguka hadi leo na nyota zake na sayari zake, bila kufanyiwa ukarabati mkubwa. HTML haimtupi mtu wake.

Basi nini kiliiua meli? Bwana wakala alistaafu, wanawe wakagawana mali, na katika mgawanyo huo kila kitu kilipata mwenyewe, hata tanuri la jikoni, isipokuwa jina la tovuti, ambalo hapana aliyejua kwamba ni mali. Ada ya mwaka haikulipwa. Kwa majina yanayoishia na .com utaratibu ni kwamba muda ukipita mwenye jina bado hupewa siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha jina hukaa siku 5 likingoja kufutwa, na baada ya hapo huwa la yeyote atakayeliwahi. Na wako watu duniani ambao kazi yao ni kuyawahi tu, kwa kompyuta zisizolala, kwa sababu jina la zamani lina viungo vingi vinavyolielekea na mitambo ya utafutaji huliheshimu. Leo penye meli pana kamari, kwa lugha ya nchi nisiyopata kufika.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wenyeji wa Mombasa wangeielewa biashara hii kuliko wanasheria wa Dar es Salaam. Katika ukanda ule wa pwani kuna desturi ya tangu zamani ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake, huiezeka, huirithisha wanawe na hata kuiuza, ilhali kiwanja kilicho chini yake ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi, na siku mwenye kiwanja akitaka chake, mwenye nyumba hubaki na mawe na boriti. Tovuti zote ni nyumba za namna hiyo. Jina haliuzwi, hukodishwa kwa mwaka mmoja au kwa miaka isiyozidi 10. Seva hukodishwa kwa mwezi. Na tofauti ni kwamba mwenye nyumba wa Mombasa anajua fika kuwa kiwanja si chake, ilhali mwenye tovuti huamini amenunua.

Sasa nije kwenye kazi iliyokuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya, kwa macho ya watu, na ambayo imekufa kifo kikamilifu kuliko zote. Bibi mmoja mwenye hoteli katika pwani ya mashariki ya Unguja aliniita, akanikalisha ukumbini, akaagiza kahawa, akaniambia, "Mwanangu, mgeni wangu nataka aisikie bahari kabla hajakata tiketi." Nilimweleza habari za uzito wa faili na wepesi wa mitambo. Akanisikiliza kwa adabu ya watu wa kule, ambayo yaweza kuhadaa, kisha akasema wageni wake ni Wataliano, hawakai kwenye vyumba vya intaneti vya Kariakoo, na kwao mitambo ina kasi. Na hoja hiyo sikuwa na la kuijibu, maana ilikuwa kweli.

Basi tukatumia Flash. Programu hiyo ilizaliwa mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash, ikanunuliwa na kampuni ya Macromedia, kisha mwaka 2005 Macromedia yenyewe ikanunuliwa na Adobe; nayo ilimpa msanifu kila alichonyimwa na HTML, yaani mwendo, sauti, herufi za namna yoyote, na uhakika kwamba kitu kitaonekana sawasawa kwenye kila kompyuta iliyowekewa kichomekwa chake. Nilichora jahazi linalopita polepole nyuma ya majina ya vyumba. Tanga lilijaa upepo pale kipanya kilipoligusa. Maji yalijaa na kupwa kwa kufuata saa ya kompyuta ya mgeni, jambo ambalo Bibi alilipenda mno ingawa halikuwa na uhusiano wowote na maji ya kweli ya Unguja. Na nyuma ya yote hayo bahari ilivuma, tuliyoirekodi alfajiri kabla watu wa mwani hawajateremka pwani. Wenzangu wa mrengo wa viwango safi walinicheka. Nasimama hadi leo upande wa Flash katika shauri moja: haikupata kutokea, kabla yake wala baada yake, zana iliyomwezesha mtu mmoja, peke yake, chumbani mwake, kutoa kitu kilicho baina ya sinema na kitabu na mchezo, na kukipeleka dunia nzima siku hiyohiyo.

Lakini kila kitu kilikuwa ndani ya faili moja lililofungwa, na ufunguo wa kulisomea ulikuwa wa kampuni moja. Mitambo ya utafutaji ilipita juu ya hoteli ya Bibi ikiona karibu utupu. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuikubali Flash. Aprili 2010 Steve Jobs aliandika waraka wa kuilaumu hadharani, ambao ulikuwa na insafu nusu na biashara nusu. Julai 2017 Adobe wenyewe walitangaza siku ya kuiua, na tarehe 31 Desemba 2020 ikafika. Kuanzia tarehe 12 Januari 2021 kichomekwa chenyewe kilikataa kuonyesha lolote hata kwa mtu aliyekuwa angali nacho. Bibi hakungoja tarehe hizo. Wataliano walianza kumwandikia kwamba katika simu zao hawaoni ila kisanduku cheupe, naye, kwa busara ya mfanyabiashara, akahamia kwenye ukurasa wa picha na namba ya simu uliotengenezwa na kijana wa jirani, nao ukamletea wageni vilevile. Jahazi ninalo. Kuna programu huria iitwayo Ruffle inayoiga mwenendo wa Flash ndani ya vivinjari vya sasa, na nikiwa na wasaa huliendesha. Sauti ya bahari hukwama kidogo, lakini tanga hujaa.

Baada ya mapambo hayo nilifanya kazi isiyo na pambo hata moja, na ndiyo iliyonifunza zaidi. Chama kimoja cha ushirika katika Kanda ya Ziwa, cha wakulima wa pamba ambao wengi wao ni wafugaji pia, kilitaka tovuti ya kutangaza bei za pamba kila kituo cha kununulia, siku za minada ya mifugo, na orodha ya wanachama. Hii ilidai hifadhidata, na hifadhidata ya maskini katika zama hizo, kama ilivyo hata sasa, ni MySQL, inayosemeshwa kwa lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa mwaka 1995 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi na ambayo tangu hapo imebeba sehemu kubwa ya intaneti mgongoni bila kushukuriwa.

Ilikwenda vema kwa muda. Kisha asubuhi moja Katibu wa chama akanipigia simu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya nyumbani na ya kazi na ya joto la Dar es Salaam, kisha akasema, kwa sauti isiyo na haraka hata kidogo, "Mwanangu, ng'ombe wetu wameota mikuki."

Nilifungua ukurasa wa minada. Kila palipoandikwa ng'ombe, kati ya herufi g na kiritifaa chake palisimama mstari mmoja wa mshazari, kama mkuki ulioegemezwa ukutani. Katibu, kwa bidii yake, aliingia kusahihisha, akahifadhi, mkuki mmoja ukawa mitatu. Akasahihisha neno jingine katika ukurasa huohuo, akahifadhi tena, ikawa saba. Katika orodha ya wanachama balaa lilikuwa kubwa zaidi, kwani majina ya Kisukuma yaanzayo kwa Ng'w ni mengi, na wazee wa watu walikuwa wamesimama na silaha katikati ya majina yao.

Sababu yake ni hii. Hifadhidata hutambua mwanzo na mwisho wa maneno uliyoipa kwa alama ileile moja ambayo sisi hutumia kuandikia ng', hata ukiiambia bila hadhari ihifadhi neno ng'ombe, itadhani maneno yamekwisha kwenye ng, na hilo ombe lililobaki itajaribu kulitii kama amri. Huo ni mlango ambao wezi wa mitandao huupenda sana. Na ili kuufunga, programu hutanguliza mstari wa mshazari mbele ya alama hiyo, kuieleza hifadhidata kwamba alama hii ni herufi wala si mwisho. Msimbo wangu ulifanya hivyo. Ila PHP ya zama hizo ilikuwa na tabia ya hiari iliyoitwa magic quotes, ya kuweka mishazari hiyo yenyewe, kwa huruma, kwa ajili ya mafundi wasioweka. Na kampuni iliyotukodisha seva ilikuwa imehamisha tovuti za wateja wake usiku, bila ilani, kwenye mashine ambayo tabia hiyo imewashwa. Kukawa na walinzi wawili, kila mmoja akiweka mshazari juu ya kazi ya mwenzake: mshazari mmoja ukabaki ndani ya hifadhidata, na kila uhifadhipo tena ukazaa mingine, mmoja, mitatu, saba, kumi na mitano.

Waliobuni jambo hili hawakuwa wajinga. Walikuwa watu ambao katika orodha zao za majina kiritifaa hutokea mara chache, katika jina la Mwairishi mmoja kwenye orodha ya mia, na kasoro ya namna hiyo yaweza kukaa miaka bila kuonekana. Kwetu ilionekana kwenye neno la kwanza la ukurasa wa minada. PHP iliitangaza tabia hiyo kuwa yenye kuachwa mwaka 2009 na kuiondoa kabisa katika toleo la 5.4 mwaka 2012, nami sikuhudhuria mazishi yake. Kiritifaa hichohicho kilitusumbua tena kwa njia nyingine: Katibu aliandika matangazo yake katika Word, ambayo huigeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na mahali ambapo ukurasa na hifadhidata havikukubaliana juu ya namna ya kuhifadhi herufi, alama hiyo ilitokea kama a yenye kofia, ikifuatwa na alama ya euro, ikifuatwa na alama ya biashara. Ng'ombe akawa na bei ya kizungu katikati ya jina lake. Dawa ya hilo ni UTF-8 kila mahali, katika faili, katika hifadhidata na katika mazungumzo baina yao. Na mahali pa tatu ndipo pasahaulikapo.

Kazi za simu nitazipita upesi, kwa kuwa zimeandikwa na wengi. Itoshe kusema kwamba Ethan Marcotte alipochapisha makala yake ya Mei 2010 juu ya kurasa zinazojipanga kwa kufuata upana wa skrini, sisi huku tulikuwa tumekwisha kufundishwa shauri hilo na Opera Mini, kivinjari kilichotolewa duniani kote mwaka 2006, ambacho kilizipitisha kurasa katika seva za wenyewe, kikazikamua, kikaziteremsha kwenye simu ndogo ya vitufe kwa bei ambayo mwanafunzi aliweza kuimudu. Mbele ya Opera Mini mapambo yote yaliporomoka, na ukurasa ukabaki maneno katika safu moja. Aliyekuwa ameandika HTML yake kwa mpango wa maana alisomeka, na aliyeandika kwa majedwali alisomeka kinyumenyume.

Juu ya funguo nina mengi zaidi ya kusema kuliko adabu inavyoruhusu. Nimeona tovuti ya duka ambayo jina lake lilisajiliwa kwa anwani ya barua pepe ya mpwa wa mwenye duka, na mpwa huyo akasafiri kwenda Maskati kutafuta maisha, akabadili simu, akasahau nywila, na duka likakaa na bei za miaka iliyopita hadi likafungwa. Nimeona fundi mwenzetu akiandika jina la mteja kwa jina lake mwenyewe, kisha akatumia jambo hilo kama kamba shingoni kila ankara ilipochelewa. Nimeona pia mwandishi mmoja wa habari za mpira, ambaye tovuti yake haikuwa na kasoro yoyote ya ufundi, akaifunga kwa mkono wake baada ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka mwenye blogu wa Tanzania alipe ada za leseni zilizozidi shilingi milioni 2 kwa mwanzo wake. Hiyo ni sababu isiyomo katika vitabu vya usanifu vya Marekani.

Wako wanaosema kwamba hapana kilichopotea, kwa kuwa Internet Archive, taasisi aliyoianzisha Brewster Kahle mwaka 1996, huzinakili kurasa za dunia, na tangu mwaka 2001 mtu yeyote aweza kuzitazama. Nimeitumia sana, tena naiheshimu. Ila hunakili kinachoonekana kwa nje tu, wala hainakili hifadhidata, na huchukua picha hizi ikaacha zile. Meli ya Bwana wakala imo, lakini vipande kadhaa vya ubavu wake havikuchukuliwa, hata imekuwa na matundu ya mraba yanayoonyesha rangi ya ukurasa; na mteja niliyemwonyesha siku moja alidhani ndivyo nilivyoikusudia, akaisifu.

Chama cha ushirika ndicho kimebaki. Desemba 2015 lilipotoka toleo la 7 la PHP, lile fungu la amri za zamani za kusemea na MySQL, ambalo tovuti nyingi za rika lake zilitumia, liliondolewa kabisa, na wenye seva wakatangaza tarehe za kuhama. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuchoka na walinzi wa alama. Nilikwenda kwa Katibu, tukakaa, nikamuuliza ni nani hasa anayebadili bei, na mara ngapi. Akajibu ni yeye peke yake, mara moja kwa wiki katika msimu wa ununuzi, na nje ya msimu hapana. Basi nikaiondoa hifadhidata yote. Sasa kompyuta ya chama ina programu ndogo inayosoma jedwali la bei ambalo Katibu hulijaza kama alivyozoea, kisha huandika kurasa tupu za HTML na kuzipeleka kwenye seva. Wala huko kwenye seva hapana kinachotendeka ila kurasa kusomwa. Ng'ombe ameandikwa kwa kiritifaa chake.

Siku hiyohiyo tulisajili upya jina kwa anwani ya chama, wala si kwa yangu wala ya Katibu, tukaandika katika karatasi moja mahali jina lilipokodishwa, mahali seva ilipo, tarehe za kulipa na nani ana nywila, karatasi ikapigwa mhuri na kufungiwa katika kasha la fedha pamoja na hati za ghala. Mhasibu aliniuliza ada ya jina aiweke katika fungu gani la matumizi, maana chama hakikuwa na fungu la intaneti. Tulishauriana, tukaiweka chini ya ada ya uhakiki wa mizani, kwa kuwa zote mbili hulipwa kila mwaka kabla ya msimu kufunguliwa, na mizani hakuna aliyewahi kuisahau.